Viungo na majani ya jikoni: namna ya kuvichagua, kuviamsha na kuvitia kwa wakati wake

Chakula kikikosa ladha, wengi wetu hukimbilia kuongeza kiungo. Mara nyingi kiungo kilikuwa kinatosha. Ama kilitiwa wakati usio wake, ama kilishaisha nguvu chupani kabla hakijafika sufuriani. Ukirekebisha hayo mawili utatumia viungo vichache kuliko unavyotumia sasa, na chakula kitanukia zaidi. Tutaanza na kuchagua na kuishia kabatini, na jambo linaloshika yote ni hili: ukijua kiungo ni sehemu gani ya mmea, umeshajua kinataka moto kiasi gani na kwa muda gani.

Hatua ya kwanza: tambua umeshika sehemu gani ya mmea

Toa viungo vyako vyote, viweke mezani, kisha vipange upya. Usivipange kwa majina wala kwa rangi, vipange kwa asili yake mwilini mwa mmea.

Mdalasini ni gome. Kungumanga ni kokwa, na basibasi ni ule utando mwekundu unaoizunguka kokwa hiyohiyo. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua, likakaushwa. Pilipili manga ni tunda dogo kavu, na iliki ni ganda lililobeba mbegu. Bizari nyembamba (wengine huiita jira au uzile), giligilani, shamari, uwatu na haradali tunazitumia kama mbegu. Tangawizi na manjano ni matunguu, yaani mashina yanayonenepa chini ya udongo. Rozmari na thaimu ni majani magumu; kotmiri, nanaa na rihani ni majani laini. Zafarani hukaa peke yake: ni nyuzi nyekundu za ndani ya ua, tatu tu kwa kila ua, na huhitajika takriban maua 150 kupata gramu 1.

Kwa nini mpangilio huu una maana? Harufu ya kila kimoja imo ndani ya mafuta mepesi yanayoruka hewani kirahisi. Mmea huyatengeneza kwa ajili yake wenyewe, kujikinga na wadudu, ukungu na wanyama walao majani. Gome na kokwa huyafungia ndani sana, kwa hiyo huyatoa polepole na huvumilia saa nzima ya kuchemka. Mbegu huyatoa zikipata joto kavu au mafuta ya moto. Jani laini limeyaweka juujuu kabisa, ndiyo maana ukilipitisha tu vidoleni mkono unanukia, na ndiyo maana dakika tano za moto zinatosha kuyamaliza. Rozmari ni jani, lakini kwa ugumu wake ipike kama unavyopika gome.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba harufu nyingi hizi huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Unga wa manjano uliotupwa kwenye maji yanayochemka hutia rangi juujuu na kubaki na ladha ya vumbi. Uleule ukipita kwenye mafuta kwanza hukolea. Zafarani ndiyo inayokwenda kinyume: rangi yake huyeyuka kwenye maji, hivyo huloweka nyuzi kwenye maji ya vuguvugu au maziwa kwa dakika 15 au 20, kisha unamimina vyote, nyuzi na maji yake.

Hatua ya pili: nunua kizima, na ujue kilikotoka

Ushauri mmoja unaozidi mwingine wote hapa ni kununua viungo vikiwa vizima. Sababu ya kwanza ni harufu: kusaga ni kuvunja vijumba vyote vya mafuta kwa wakati mmoja, na tangu hapo kiungo huanza kupungua kila siku. Sababu ya pili ni uaminifu. Tumba zima la karafuu ni vigumu kulighushi, lakini unga wa karafuu unaweza kuwa na vikonyo vyake, maganda au hata unga wa nafaka ndani yake.

Udanganyifu huu ni wa zamani kama biashara yenyewe, na ulizaliwa na uchache. Kwa karne nyingi karafuu zote za dunia zilitoka kwenye visiwa vichache vya Maluku, katika Indonesia ya leo: Ternate, Tidore na jirani zake. Kungumanga na basibasi zilitoka visiwa vya Banda tu. Waholanzi walipotaka kuishika biashara hiyo peke yao, kampuni yao ya India Mashariki (VOC), chini ya Jan Pieterszoon Coen, mwaka 1621 iliwaua, iliwafanya watumwa au iliwafukuza karibu wenyeji wote wa Banda. Mwaka 1667, kwa mkataba wa Breda, Waingereza waliachia Waholanzi kisiwa kidogo cha Run chenye kungumanga, na wao wakabaki na Manhattan. Ukiritimba huo ulivunjwa na miche iliyosafirishwa kwa siri. Pierre Poivre, Mfaransa aliyekuwa msimamizi wa kisiwa cha Mauritius, alifanikiwa kuleta huko miche ya karafuu na kungumanga mwaka 1770. Kutoka visiwa hivyo vya Bahari ya Hindi karafuu ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya Sultani Seyyid Said mashamba yakaenea Unguja na Pemba hadi visiwa hivyo vikawa wauzaji wakuu duniani. Damu nyingi na jasho la watumwa limo kwenye historia ya kabati lile la viungo, na mimi naona ni haki kulijua.

Sasa turudi kwenye kiganja chako. Chukua karafuu moja. Iwe na kichwa chake cha mviringo na kikonyo kilichojaa, rangi ya kahawia iliyokolea, isiyo na mikunjo ya ukavu. Ibonyeze kwa ukucha kwenye kikonyo: nzuri hutoa mng'ao wa mafuta papo hapo, na kidole kinabaki kikinukia hata ukikipangusa. Ukiwa na shaka zaidi tia chache kwenye glasi ya maji. Zilizojaa mafuta huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Zinazoelea zikiwa zimelala ubavu zimechakaa, au zilishakamuliwa mafuta kabla hazijauzwa.

Mdalasini unahitaji macho zaidi, kwa sababu jina moja linabeba magome ya miti tofauti. Mdalasini wa Sri Lanka ni tabaka nyingi nyembamba kama karatasi zilizoviringishwa pamoja. Rangi yake ni hafifu, huvunjika kwa vidole, na ladha yake ni tamu yenye upole. Kasia, inayotoka China, Vietnam na Indonesia, ni gome moja nene, gumu, jekundu zaidi, linalojikunja kwa ndani kutoka pande mbili, na ladha yake ni kali na nzito. Kasia si mdalasini bandia. Kwa nyama na michuzi mizito mimi naipendelea kuliko ule mwingine, ambao huona haya mbele ya vitunguu na nyanya. Lakini kasia ina kumarini nyingi, kemikali ambayo ikizidi kwa muda mrefu inaweza kudhuru ini la baadhi ya watu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kijiti kimoja kwenye sufuria ya familia si tatizo. Anayekunywa unga wa mdalasini kila asubuhi kwa vijiko, huyo atafute wa Sri Lanka.

Pilipili manga ni mmea utambaao kutoka pwani ya Malabar, kusini magharibi mwa India, ingawa leo Vietnam ndiyo inayozalisha nyingi zaidi. Nyeusi na nyeupe ni tunda lilelile. Nyeusi huchumwa changa na kuanikwa hadi ngozi ikasinyaa na kuwa nyeusi. Nyeupe huachwa iive, huloweshwa siku kadhaa na kumenywa, ndiyo maana ina ukali bila ile harufu ya juu iliyokuwa kwenye ngozi. Chagua punje nzito, zisizovunjika ukizibana kwa vidole.

Iliki nunua ikiwa ndani ya ganda, la kijani, lililofumba. Mbegu zake zikitolewa hupoteza harufu haraka. Asili yake ni milima ya Ghats ya Magharibi nchini India, lakini Guatemala, iliyoipokea mwanzoni mwa karne ya 20, imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nje. Ganda jeupe au la njano limekaa juani muda mrefu au limepaushwa.

Kwa manjano na unga wowote wa rangi kali uwe mwangalifu kwelikweli. Nchini Bangladesh watafiti walieleza mwaka 2019 jinsi wasindikaji walivyokuwa wakiongeza kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi ndani yake, ili manjano ing'ae, na mwaka 2023 nchini Marekani vifuko vya tufaha lililopondwa kwa ajili ya watoto viliondolewa sokoni kwa sababu ya mdalasini uliokuwa na risasi. Risasi haina harufu wala ladha, na huharibu ubongo wa mtoto. Manjano inayong'aa kupita kiasi, inayokaribia rangi ya limau, iache hapohapo. Ukiweza, nunua tunguu kavu zima ulisage mwenyewe.

Zafarani ya kweli, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Iran, huijaribu kwa maji baridi: nyuzi mbili tatu hutoa rangi ya dhahabu polepole, na zenyewe hubaki nyekundu. Zikitoa wekundu papo hapo na kubaki nyeupe, zimetiwa rangi.

Hatua ya tatu: amsha kabla ya kutumia

Kuna njia mbili za kuamsha kiungo, kukaanga pakavu na kukaanga kwenye mafuta, na hazileti ladha moja.

Kukaanga pakavu ni kwa mbegu utakazosaga. Weka kikaango kizito kwenye moto wa wastani chini kidogo. Anza na ngumu na kubwa: vipande vya mdalasini, karafuu, pilipili manga. Baada ya dakika moja tia giligilani, kisha bizari nyembamba, kwa kuwa hizo ni nyepesi na huungua mapema. Uwatu tia mwisho kabisa. Ukizidi rangi ya dhahabu unakuwa mchungu na uchungu huo hautoki tena. Tikisa kikaango bila kukoma. Usiangalie saa, sikiliza pua: harufu hupanda, hubadilika kutoka ya nyasi kavu kuwa ya karanga, na hapo ndipo unapomimina vyote kwenye sahani baridi. Usiviache kikaangoni hata kama umezima moto, kwa sababu chuma kinaendelea kuvipika. Vipoe kabisa ndipo usage. Vikiwa na joto hutoa unyevu, na unga huganda kwenye mashine.

Kukaanga kwenye mafuta ni kwa viungo vizima vitakavyobaki ndani ya chakula. Pasha mafuta, tupa mbegu moja ya bizari nyembamba. Ikikaa kimya chini, subiri. Ikianza kuzungukwa na vipovu vidogo na kupanda juu, tia nyingine zote. Ndani ya sekunde 20 au 30 zitanyauka kidogo, zitageuka kahawia, na mafuta yenyewe yatabeba harufu. Uwe umeshakata vitunguu kabla ya hapo, viwe pembeni ya jiko, kwa sababu kitunguu kinachoingia ndicho kinachoshusha joto na kuziokoa zisiungue. Mpishi anayeanza kukata kitunguu mbegu zikiwa tayari ziko motoni ameshachelewa.

Haradali nzima kwenye mafuta ya moto hupasuka na kuruka, basi funika nusu. Inachotoa hapo ni ladha ya karanga, bila ukali. Ukali wa haradali huzaliwa mbegu ikivunjwa na kukutana na maji baridi, kwani kimeng'enya kilichomo, yaani protini inayochochea mabadiliko hayo, kinahitaji maji na huuawa na joto. Ukitaka haradali ya kuchoma pua, changanya unga wake na maji baridi na usubiri dakika 10.

Mvuje, ile gundi yenye harufu nzito inayotoka kwenye mizizi ya mmea wa nyanda kavu za Iran na Afghanistan, hutiwa kiasi cha kubana kwa vidole viwili tu. Mbichi inachukiza. Sekunde kumi kwenye mafuta zinaigeuza kuwa kitu kinachofanana na kitunguu na kitunguu saumu vilivyokaangwa pamoja, na maharage yaliyoungwa nayo hayahitaji mengi mengine.

Viungo vya unga visikaangwe kwenye mafuta matupu. Vinaungua kwa sekunde. Vitie baada ya vitunguu kulainika, ukiwa na nyanya au kikombe cha maji mkononi. Koroga nusu dakika hadi mafuta yabadilike rangi, kisha mimina maji.

Hatua ya nne: fuata ratiba ya sufuria

Chukua mfano wa mchuzi wa nyama wa watu wanne, unaochemka saa moja na nusu. Kwanza kabisa, kwenye mafuta, tia kijiti kimoja cha mdalasini cha urefu wa kidole cha kati, karafuu tatu, iliki nne ulizozigonga mara moja ili ganda lifunguke, na kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba. Karafuu zisizidi hapo. Mafuta yake kwa sehemu kubwa ni yujenoli, kemikali ileile inayotia ganzi jino linalouma, na ikizidi hata ulimi unakufa ganzi na kila kitu kingine kwenye mchuzi hakisikiki.

Vitunguu hufuata. Vikishageuka rangi ndipo zamu ya tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa. Kitunguu saumu kiponde dakika 10 kabla ya kukitia motoni, kwa maana ukali wake hutengenezwa baada ya kukivunja, na moto wa mapema huuzuia usiwepo. Halafu vijiko viwili vya chai vya giligilani ya unga na nusu kijiko cha manjano, nyanya, nyama, na maji.

Pilipili, kama unaipenda kali, itie hapa mwanzoni ili isambae. Kama unataka harufu yake bila moto mwingi, itie nzima bila kuipasua, uitoe mwishoni. Pilipili hii, kubwa kwa ndogo, ilitoka bara la Amerika na ilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kabla ya hapo India, China na Afrika zilitegemea tangawizi, pilipili manga na jamaa zake kwa ukali. Moto wake umejaa zaidi kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Uondoe huo na umepunguza sehemu kubwa ya ukali.

Zikibaki dakika 10 chakula kiive, tia kungumanga uliyoikuna papo hapo, kidogo tu, robo kijiko cha chai au pungufu. Ni kiungo cha heshima, na si cha mchezo: vijiko kadhaa vya unga wake kwa mara moja huleta kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kuona yasiyokuwepo. Pilipili manga isage juu ya sufuria ukishazima moto. Ukali wake huvumilia kuchemka, lakini harufu haivumilii, na wengi hawajawahi kuionja harufu hiyo kwa sababu huitia mapema. Majani laini yanakuja baada yake, ya mwisho kabisa.

Kwa vyakula visivyo na mafuta, kama chai au uji, ratiba ni fupi. Viungo vigumu vichemke na maji kwanza, dakika 5 hadi 10. Tangawizi mbichi hasa isikutane na maziwa kabla haijachemka vizuri kwenye maji: ina kimeng'enya kinachokata protini, na maziwa yatagawanyika. Kimeng'enya hichohicho hulainisha nyama ngumu ukiipaka tangawizi iliyokunwa kwa nusu saa hivi. Ukiiacha usiku kucha nyama inakuwa laini kama uji kwa nje.

Vanila haipendi ratiba hii hata kidogo. Pasua ganda, kwangua mbegu, na uvitie vyote kwenye maziwa ya moto, uache vikae. Ganda likishatumika lioshe, likaushe, lizike kwenye chupa ya sukari. Mmea huu wa Mexico ulikaa Ulaya na visiwani kwa miaka mingi bila kuzaa kwa uhakika, hadi mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12, alipogundua namna ya kuchavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Madagaska, inayoongoza leo kwa vanila, bado huchavusha kwa mkono, kwa njia yake.

Hatua ya tano: majani

Kotmiri ni majani ya mmea uleule unaotupa giligilani, lakini usiweke kimoja badala ya kingine. Ladha zao hazikutani popote. Katakata majani pamoja na vikonyo vyembamba, kwa kuwa harufu nyingi iko kwenye vikonyo, na uyatie moto ukiwa umezimwa. Wapo watu ambao kotmiri kwao ni sabuni tupu. Hawadeki; ni jambo la kurithi linalohusu namna pua inavyopokea harufu yake. Wawekee pembeni bakuli lisilo na kotmiri.

Nanaa na rihani zichane kwa vidole au zikate kwa kisu kikali. Kisu butu huziponda, zikawa nyeusi. Mchaichai hauliwi wenyewe: toa maganda ya nje, gonga sehemu nyeupe ya chini kwa mgongo wa kisu, funga fundo, chemsha mapema, toa kabla ya kupakua. Rozmari na thaimu zinaanza na nyama.

Jani bichi likikosekana, kijiko kimoja cha jani kavu hushika nafasi ya vijiko vitatu vya jani bichi. Kanuni hiyo inafaa majani magumu, ambayo hukauka bila kupoteza mengi. Kotmiri kavu haifai kwa lolote; afadhali uiache.

Majani mabichi yaweke wima kwenye glasi yenye maji kidogo, ukiyafunika juu kwa mfuko uliolegea, ndani ya jokofu. Rihani ndiyo isiyotaka jokofu: baridi huifanya iwe nyeusi kwa siku moja. Iache mezani, kwenye maji yake.

Hatua ya sita: changanya wako mwenyewe

Ukishazoea kimoja kimoja, tengeneza unga wa mchuzi wa nyumbani. Pima vijiko vinne vya chakula vya giligilani, viwili vya bizari nyembamba, kimoja cha pilipili manga, kimoja cha shamari, kijiko kimoja cha chai cha uwatu, karafuu sita, iliki nane na kijiti cha mdalasini. Kaanga pakavu kwa mpangilio nilioueleza, isipokuwa iliki, ambayo itoe mbegu uzichanganye bila kuzikaanga. Saga, kisha ongeza kijiko kimoja cha chakula cha manjano ya unga.

Giligilani ndiyo inayojaza mchanganyiko na kuupa uzito. Nyingine ni sauti juu yake. Ukitaka kubadili, badili kimoja tu kwa kila mara, uandike kwenye karatasi iliyobandikwa chupani. Bila hivyo hutajua kilichopendeza ni kipi. Kama unaweza kununua chombo kimoja tu cha kazi hii, nunua kinu kizito cha jiwe na mchi wake. Mashine husaga haraka, lakini kinu kinakuachia usimame unapotaka, na mbegu zilizopondwa nusunusu huacha vipande vinavyopasuka mdomoni.

Kiungo kikizidi

Pilipili ikizidi, maji hayasaidii, kwa kuwa ukali wake hauyeyuki kwenye maji. Maziwa, mtindi au tui hubeba. Kitu kichungu kilichotokana na uwatu au kitunguu saumu kilichoungua hakina dawa: anza upya mapema, kabla hujatia nyama. Karafuu na mdalasini vikizidi, vitoe vijiti na matumba yaliyobaki, ongeza nyanya na chumvi kidogo, na upike muda mrefu bila kifuniko ili harufu iruke. Manjano ikizidi chakula kina ladha ya udongo. Matone ya limau huirudisha kwenye mstari.

Kuhifadhi

Maadui ni wanne: mwanga, joto, hewa na unyevu. Rafu iliyo juu ya jiko ina wote, hata kama chupa zinapendeza pale. Weka viungo kwenye chupa ndogo zenye vifuniko vinavyobana, ndani ya kabati lililo mbali na moto, na uandike tarehe ya kununua. Vizima hukaa miaka miwili mitatu vikiwa na nguvu nzuri. Vya unga jaribu kuvimaliza ndani ya miezi sita hadi mwaka mmoja. Usimwage unga moja kwa moja kutoka chupani juu ya sufuria inayofuka: mvuke huingia chupani, unga unaganda, na ukungu unafuata. Pakua kwa kijiko kikavu.

Ukungu ukionekana, tupa chupa yote, kwani sumu yake haiondolewi kwa kukaanga. Na viungo vikavu vinaweza kubeba vijidudu, hivyo unga unaonyunyizwa kwenye matunda au saladi, chakula kisichopikwa tena, uwe umepita kikaangoni kwanza.

Kitunguu saumu, pilipili au majani mabichi yaliyotumbukizwa kwenye mafuta yasikae mezani. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kijidudu kinachotengeneza sumu ya botulinamu hukua hapo bila kuonyesha harufu wala rangi. Tengeneza kidogo, weka kwenye jokofu, na ukimalize ndani ya siku nne.